Dawa ya kulinda rangi ya gari Tabora: anza na boneti, kichupa baadaye

Mwezi wa saba, mwaka juzi, niliharibu rufu ya gari langu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kichupa kidogo kuliko cha dawa ya kikohozi. Seramiki, dawa ya kimiminika ya kulinda rangi ya gari, mililita 50, "miaka mitano" imeandikwa kwa herufi za dhahabu. Nikajibanza chini ya mwembe nyuma ya nyumba, saa nane mchana, nikaanza kupaka. Upepo wa kiangazi nao ukaamka. Vumbi likatua juu ya dawa mbichi, mimi nikazidi kufuta, dawa ikaganda kabla kitambaa hakijapita. Asubuhi yake rufu ilikuwa na mabaka kama mtu amemwaga soda ikakaukia pale. Kuyaondoa kulinichukua siku mbili za kupiga polishi, na polishi ikaondoka na sehemu ya klia, lile tabaka la juu la rangi, ambayo hairudi.

Kichupa hakikuwa na kosa. Nilianza kuchagua kwa kuangalia idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye boksi, kumbe hilo ndilo jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni rangi uliyo nayo, la pili ni mahali gari linapolala na maji linaloogeshwa. Ukishayajua hayo, dawa inajichagua karibu yenyewe.

Hatua ya kwanza: ijue rangi yako

Rangi ya kiwandani ina matabaka. Chini kabisa kuna la kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, halafu klia, lile tabaka angavu linalong'aa na kuzuia jua. Yote kwa pamoja kwa kawaida ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni 40 au 50. Unywele wa kichwani una mikroni kama 70. Kwa hiyo kinachosimama kati ya rangi yako na jua la Tabora ni chembamba kuliko unywele. Kila unapopiga polishi unakipunguza.

Magari yetu mengi, IST, Noah, Probox, Premio, yamekuja yakiwa yameshatumika Japani, na mengine yamepulizwa rangi upya njiani au hapa hapa. Usimwulize aliyekuuzia. Gari lenyewe litakueleza.

Fungua milango na boneti, angalia kingo za mipira na ndani ya bawaba. Ukikuta ukungu wa rangi juu ya mpira, au mstari mahali mafundi walipobandika gazeti, gari limepulizwa. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua sehemu ndogo ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hapo hakuna klia juu: ama ni rangi ya tabaka moja, ama klia imekwisha. Kikitoka na weusi wa uchafu tu, klia ipo.

Jaribio la tatu hulifanya ndani ya kifuniko cha tenki la mafuta, si kwenye boneti, tafadhali. Gusa rangi kwa pamba yenye tina kidogo, ile ya kuzimulia rangi, hesabu hadi kumi, futa. Rangi ikilainika na kushika pamba, hiyo ni ya kukauka kwa hewa, ile mafundi wanaiita NC. Isipoguswa, ni ya kiwandani au ni 2K, ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Tofauti hii ni kubwa. Dawa kali za seramiki na vimiminika vya kuziandalia vinaweza kuivuruga NC, kwa hiyo kwa gari la namna hiyo bakia kwenye nta.

Kama limetoka kupulizwa, subiri. 2K hukauka kwa kuguswa siku ile ile, lakini vimiminika vilivyo ndani huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Angalau siku 30. Mimi huwaambia watu 60. Ukiifunika mapema unaifungia pumzi.

Na kama klia imebabuka, inachunika kama ngozi ya mtu aliyeungua, weka pesa yako mfukoni. Hakuna dawa ya kupaka inayobandika klia iliyoachia. Hapo ni msasa na kupuliza upya, na mtu anayekuuzia seramiki juu ya boneti iliyobabuka anakuuzia kitu kisicho na pa kushika.

Hatua ya pili: wajue adui wa mtaani kwako

Mji wetu ni wa miembe, na kila dereva anawania kivuli chake. Kivuli ni kizuri kwa usukani, kibaya kwa boneti. Utomvu wa embe ndio ule ule unaobabua midomo ya watoto mwezi wa kumi na mbili. Ukidondokea kwenye klia iliyopashwa na jua na kukaa siku mbili, unaacha alama ambayo sabuni haitoi. Juu ya mwembe wanalala ndege, na kinyesi chao kina asidi. Halafu kuna wageni ambao watu wa mikoa mingine hawawajui sana: nyuki. Ukikuta matone madogo ya njano, manene, yametawanyika kwenye rufu asubuhi, si rangi ya mtu wala si chavua. Ni nyuki wametoka mzingani na kujisaidia wakiwa angani. Hayo nayo huuma klia yakiachwa juani. Katika mkoa wa asali hatuwezi kulalamika sana.

Vumbi ndilo linalokula rangi nyingi kuliko hao wote, ila si kwa kukaa. Linakula linapofutwa kavu. Mchanga una kwatzi, madini magumu kuliko klia yoyote. Kijana anayepitisha kitambaa kikavu juu ya gari lako kila asubuhi kwa moyo mwema anakuchorea utando wa buibui, ile mikwaruzo ya mviringo unayoiona jua likipiga.

Mwisho, maji. Ya bomba kwa kawaida hayana shida kubwa, lakini ya visima vingi yana chumvi. Tone la maji ya kisima likikaukia kwenye boneti ya moto linaacha duara jeupe. Hapa ndipo seramiki inapowashangaza watu: kwa kuwa inayafanya maji yasimame kama shanga, kila shanga ikikauka inaacha duara lake. Gari lililopakwa dawa ghali likaoshwa kwa maji ya kisima juani linaweza kuonekana baya kuliko lisilopakwa kitu.

Hatua ya tatu: chagua

*Nta.* Nzuri ni ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi huko Brazili. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka kuna mtu Tabora anayepata wazo la kupaka nta ya nyuki, maana ipo tele na ni rahisi. Nta ya nyuki yenyewe tupu inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na boneti nyeusi ya saa saba mchana huweza kupita 70. Utakuwa umepaka gundi ya kukamatia vumbi. Kanauba hudumu wiki nne hadi nane, inapakwa kwa mkono, na ukikosea unafuta. Kwa rangi ya NC, na kwa gari ambalo huna hakika nalo, hii inatosha.

*Silanti.* Hii ni nta ya maabara, ya polima. Miezi minne hadi sita. Haina mng'ao wa kina kama wa kanauba lakini inavumilia jua na sabuni zaidi. Kama ningelazimika kupendekeza kitu kimoja kwa magari kumi ya kwanza yatakayopita mbele yangu, ingekuwa silanti. Haina sifa, haina matangazo makubwa, inafanya kazi.

*Seramiki ya kupuliza.* Inakaa katikati: unapuliza, unafuta, miezi mitatu hadi sita. Nzuri zaidi kama chakula cha nyongeza juu ya seramiki halisi.

*Seramiki ya kichupa.* Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Kiini chake ni silika, ile ile ya kioo, iliyo ndani ya kimiminika kinachokauka na kushikana na klia. Ikishakauka ina unene wa mikroni moja au mbili. Linganisha na klia ya 50. Haizuii jiwe, haizuii funguo za watoto. Ile "9H" kwenye boksi ni kipimo cha penseli: wanakwaruza kwa penseli za ugumu tofauti, 9H ndiyo ngumu ya mwisho kwenye seti. Si 9 ile ya vito, ambako almasi ni 10. Mchanga wa Uyui bado utaikwaruza.

Inachofanya kweli ni kuzuia uchafu usishike, kuvumilia asidi ya kinyesi na utomvu kwa saa nyingi zaidi, na kufanya uoshaji uwe mwepesi, kwa hiyo mikwaruzo inapungua. Ikiandaliwa na kutunzwa, miaka miwili hadi mitatu ni ahadi ya haki. Mitano ipo kwa gari linalolala ndani na kuoshwa na mtu mwenye subira. Ya "grafini" mimi huihesabu kama seramiki yenye jina jipya. Ukiipata kwa bei ile ile, chukua, usiongeze pesa kwa ajili ya jina.

*Filamu.* Plastiki laini ya yuretheni, ya mikroni 150 hadi 200, inabandikwa juu ya rangi. Hii peke yake ndiyo inayozuia mawe. Ni ghali, na inataka fundi aliyeizoea, ambaye kwa kawaida utamfuata Dar es Salaam. Huhitaji gari zima. Ukingo wa mbele wa boneti, bampa na migongo ya vioo vya pembeni ndiko mawe yanakotua.

Sasa ligawe gari lako. Probox linalotoka lami kila siku kuingia barabara za vumbi za Sikonge kufuata tumbaku: silanti mara tatu kwa mwaka, na kama uwezo upo, filamu kwenye bampa. Seramiki hapo ni kumvisha suti mtu anayekwenda kulima. Gari la kazini lenye rangi nzima ya kiwandani, linalolala kwenye banda na kuoshwa nyumbani: seramiki ya kichupa inalipa. Miaka mitatu ya kupaka nta kila wiki sita ni mara 26, na sijaona mtu aliyefika hata ya kumi. Gari jeusi linalolala chini ya mwembe: seramiki, ndiyo, lakini kwanza hamisha gari.

Hatua ya nne: kinunue kikiwa hai

Seramiki hufa kwa hewa na unyevu. Fungua boksi dukani. Shingo ya kichupa ikiwa na chembe nyeupe kama chumvi, au kimiminika kimekuwa na ukungu au uzito wa asali, kirudishe. Tazama tarehe. Kuna kimoja nilichotumiwa kwa basi kikafika kimegandia nusu; muuzaji akaniambia, "Kaka, tikisa tu." Hakitikisiki. Kichupa kilichofunguliwa kitumie ndani ya siku chache, usikiweke kwa ajili ya gari la shemeji mwakani. Mililita 50 zinatosha gari dogo moja. Kwa Noah weka akiba.

Hatua ya tano: andaa

Hapa ndipo robo tatu ya kazi ilipo.

Osha. Mimina maji mengi kwanza bila kugusa, vumbi liondoke lenyewe. Ndoo mbili: moja ya sabuni ya magari, moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya nguo inakausha mipira na kula nta yote; kwa siku hii moja ya maandalizi unaweza kuisamehe, baada ya hapo usiirudie.

Lami iliyonata chini ya milango watu huitoa kwa mafuta ya taa. Inatoka kweli, lakini mafuta yanabaki kama utando, kwa hiyo osha tena sehemu hiyo kwa sabuni. Mafuta ya breki usiyasogeze karibu, hayo yanatoa rangi yenyewe.

Sasa ingiza mkono kwenye mfuko laini wa plastiki na upitishe vidole juu ya boneti iliyooshwa. Ukihisi chembechembe kama sukari, bado kuna uchafu uliozama: vumbi la breki, utomvu, ukungu wa rangi. Dawa yake ni udongo wa kusafishia rangi, donge laini linalosuguliwa polepole juu ya maji ya sabuni mengi. Likidondoka chini, litupe. Usilioshe ukaendelea, limeshabeba mchanga.

Polishi inafuata kama kuna utando wa buibui, kwa sababu seramiki itaufungia ndani, unaonekana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Anza na polishi nyepesi, kiraka kimoja cha sentimita 50 kwa 50, angalia kwa tochi. Ikitosha, hapo hapo, usipande daraja. Kingo za milango na mikunjo ya boneti ziguse kidogo sana kwa mashine, maana klia pale ni nyembamba zaidi.

Mwisho futa gari zima kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, ili mafuta ya polishi yaondoke. Hatua hii ndiyo mafundi wengi wanaoiruka, na ndiyo sababu seramiki za "miaka mitano" huachia kabla ya mvua za pili.

Hatua ya sita: paka

Chagua mwezi. Juni hadi Septemba ni baridi nzuri asubuhi lakini upepo unabeba vumbi. Novemba hadi Aprili kuna mvua. Mimi sasa hufanya Mei, udongo ukiwa bado umeshikana, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, ndani ya banda lenye sakafu iliyomwagiwa maji tangu jana yake. Bati la gari liwe la ubaridi mkononi.

Vaa glovu. Funga kitambaa kidogo cha swedi kwenye kipande cha sponji, dondoshea matone sita hadi kumi. Paka kiraka cha sentimita 50 kwa 50: mistari ya kwenda mbele, kisha mistari ya kukatiza, bila kukandamiza. Usigeukie simu. Tazama uso wa rangi kutokea upande, mwanga ukiwa mbele yako. Kwanza unalowana, kisha rangi za upinde wa mvua zinaanza kutambaa, kama mafuta ya dizeli juu ya dimbwi. Hapo ndipo pa kufuta. Kwenye joto letu inaweza kuwa sekunde 30, inaweza kuwa dakika mbili. Soma karatasi ya kichupa chako, lakini amini jicho. Kitambaa cha kwanza kinasawazisha, cha pili kikavu kinamalizia. Kisha tochi, uso kwa uso. Ukiona kivuli cheusi chenye ukingo, dawa imejikusanya. Futa sasa hivi. Ndani ya saa moja inafutika, kesho ni polishi.

Badili kile kitambaa kidogo kila baada ya paneli mbili tatu. Kinapokauka kinakuwa msasa. Vyote vikiisha, tupa, hata vile vikubwa. Dawa ikishagandia humo, kufua hakusaidii.

Usiliguse gari kwa saa 24. Umande, mvua, mwembe, vyote mbali. Siku saba bila sabuni.

Hatua ya saba: namna ya kuosha baada ya hapo

Mwambie anayekuoshea, kwa heshima lakini mapema, kabla hajachota maji. Dodoki lililoanguka chini halirudi juu ya gari. Kitambaa cha rimu hakigusi boneti. Vumbi linamwagiwa maji kwanza. Mimi huenda na vitambaa vyangu vya maikrofaiba, na vijana wa pale waliponizoea wakaacha kucheka.

Kama maji ni ya kisima, osha kabla ya saa mbili asubuhi au jua likishalegea, paneli moja moja, na ukaushe papo hapo. Maduara meupe yakitokea, siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, weka dakika moja, suuza kwa maji mengi. Yakikaa wiki, siki haitatosha.

Kinyesi na utomvu usisugue. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika tano, kisha inua. Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti msimu wote wa maembe.

Kila miezi mitatu mwagia boneti maji safi na utazame. Yakikimbia kwa matone, dawa ipo. Yakilala bapa, usikate tamaa upesi, mara nyingi ni vumbi na chumvi vimeifunika: osha vizuri kwa sabuni ya magari, pitisha siki sehemu moja, mwagia tena. Yakikimbia hapo, ongeza seramiki ya kupuliza na uendelee. Yakilala tena bapa hata baada ya kuoshwa, imekwisha, na unarudi kwenye kitambaa cheupe cha hatua ya kwanza kuona kama klia yako bado ipo.